Tufani ya Unguja ya Mwaka 1872

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walikuwa na desturi ya kuita miaka kwa mambo makubwa yaliyotokea ndani yake. Mtu alizaliwa mwaka wa njaa, au aliozwa mwaka wa kipindupindu, au alihamia mjini mwaka aliokufa Sultani fulani. Hesabu ya namna hiyo haikutaka kalamu wala karatasi; ilitaka jambo lililowagusa watu wengi kwa pamoja, hata kila mmoja aweze kusema alikuwa wapi siku ile. Katika Unguja ya karne ya 19 hapana siku iliyofaa zaidi kwa hesabu hiyo kuliko Jumatatu, tarehe 15 Aprili 1872, siku za mwanzo za Mfunguo Tano mwaka 1289 wa Hijra. Siku hiyo tufani ilipita juu ya kisiwa, ikavunja vyombo bandarini, ikaezua nyumba, na ikang'oa mikarafuu iliyokuwa mali ya nchi.

Tufani hii hutajwa katika kila kitabu cha historia ya Unguja, lakini mara nyingi hutajwa kwa mstari mmoja tu, kama kwamba upepo ulikuja, ukaharibu, ukaondoka, na mambo yakaendelea. Kumbe upepo ule ulikwisha kwa siku moja, na kazi yake ikaendelea kwa zaidi ya miaka 20. Tena, ingawa ulivuma juu ya watu wote, hasara haikuwafikia wote kwa kipimo kimoja. Mbingu ilileta upepo. Kugawa gharama yake kulifanywa na watu, kwa sheria na desturi walizokuwa nazo. Anayetaka kujua wenyeji walipatwa na nini hana budi kutazama mambo yote mawili, upepo wenyewe na mgawo ule.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini jambo hili halikutazamiwa. Wenyeji wa pwani walizijua pepo zao vizuri kuliko mambo mengine yote ya dunia. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi tangu mwezi wa Desemba. Kusi iliyarudisha kuanzia Aprili. Katikati ya pepo hizo mbili huwa na majira ya tanga mbili, ambapo upepo haujakata shauri la upande gani utoke. Walimu na manahodha walihesabu siku za mwaka kuanzia Nairuzi, kwa miongo ya siku kumi kumi, na kila mwongo ulikuwa na habari yake ya mvua, ya bahari na ya kulima. Katika hesabu hiyo Aprili ni mwezi wa masika. Mvua kubwa ilijulikana, na upepo wa ghafula ulijulikana. Lakini tufani ya kuzunguka, yenye kiini kitulivu katikati yake, haikuwa na mwongo wake.

Sababu ya hayo ni mahali kisiwa kilipo. Unguja iko kiasi cha nyuzi 6 tu kusini ya ikweta. Tufani za bahari huzungushwa na nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia yenyewe, na nguvu hiyo ni haba karibu na ikweta. Kwa hiyo tufani nyingi za kusini ya Bahari ya Hindi hupita mbali zaidi, zikaelekea Mauritius, Réunion, Bukini na Msumbiji. Vizazi vingi vyaweza kuishi Unguja na kufa bila kuona hata moja. Ujuzi wa wazee, ambao ndio uliokuwa ngao ya watu katika mambo ya njaa na maradhi, haukuwa na la kusema juu ya adui asiyekuja hata mara moja katika maisha ya mtu.

Tena tufani ilikuja wakati mbaya kuliko nyakati zote. Katikati ya Aprili ni wakati ambao vyombo vya safari ndefu huwa tayari kurudi kwao. Mabagala na sambuki huwa yamekwisha kupakia, na manahodha hungoja kusi ishike sawasawa. Bandari ya Unguja iko upande wa magharibi wa mji, ikikingwa na kisiwa chenyewe pamoja na visiwa vidogo vilivyo mbele yake, na kwa pepo za kawaida ilisifiwa kuwa ni bandari salama. Basi vyombo vilikuwa vimejikusanya mahali pamoja kwa kuamini usalama huo, na bahati mbaya ilivikuta pale pale.

Hali ya kisiwa kabla ya siku ile nayo ina maana yake. Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, alikuwa amehimiza kilimo cha karafuu kwa nguvu zake zote. Na mapokeo husema kwamba aliamuru ipandwe mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Mti huo si wa asili ya Afrika. Ulitoka katika visiwa vya Maluku, ukapitia visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, ukafika Unguja mapema katika karne ya 19. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja ulikwisha kuifunika nchi yenye rutuba ya magharibi na katikati ya kisiwa, na Wahadimu wengi waliokuwa wakilima huko walisukumwa mashariki na kusini, kwenye ardhi ya mawe. Kazi ya mashamba ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara, wengi wao kwa njia ya Kilwa. Mapato ya nchi, deni la wenye mashamba na amali ya maelfu ya watu vyote vilitegemea mti mmoja.

Nao mkarafuu ni mti dhaifu mbele ya upepo. Majani yake ni mengi na yamesongamana, matawi yake huvunjika upesi, na mizizi yake haizami sana. Unapoutazama katika shamba lililotunzwa ni mti wa fahari, umesimama wima kama mnara. Lakini ardhi ikilowa kwa masika na upepo ukaushika kwa nguvu, huanguka mzima na mizizi yake juu. Zaidi ya hayo, ni mti usio na haraka. Mche hutaka kivuli na maji katika miaka yake ya kwanza, hauzai kitu cha maana mpaka ufikie kiasi cha miaka sita au saba, na haufikii ukamilifu wa mazao yake ila baada ya miaka mingi zaidi. Aliyepoteza mpunga amepoteza mwaka mmoja. Aliyepoteza mikarafuu amepoteza sehemu ya umri wake.

Wala watu hawakuwa wamepumzika. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kilipita Unguja na kuua maelfu ya watu, kama alivyoeleza Dakta James Christie, tabibu aliyekaa mjini wakati huo na kuandika kitabu juu ya maradhi hayo mwaka 1876. Oktoba 1870 Sultani Majid alifariki, na ndugu yake Barghash bin Said akatawala. Tufani ilipokuja, utawala wake ulikuwa haujatimiza miaka miwili, na katika nyumba nyingi kumbukumbu ya misiba ya kipindupindu ilikuwa ingali mbichi.

Dalili zilianza usiku wa kuamkia Jumatatu. Upepo wa kusini uliongezeka, ukaja pamoja na mvua, na kulipopambazuka haukupungua kama ilivyo desturi ya dhoruba za masika, bali ulizidi saa baada ya saa. Kisha ikafika hali iliyowashangaza watu kuliko upepo wenyewe: utulivu. Kiini cha tufani kilikuwa kinapita. Asiyeijua tufani ya kuzunguka hudhani wakati huo kwamba salama imefika. Hufungua mlango, hutoka kutazama kilichobaki, hutafuta jamaa zake. Baada ya hapo upepo ulirudi kutoka upande wa kaskazini, yaani upande wa pili kabisa. Kuta na miti iliyokwisha kulegezwa kwa kusukumwa upande mmoja sasa ilisukumwa upande wa pili. Ndiyo maana uharibifu wa kipindi cha pili huwa mkubwa hivyo, hata pale ambapo nguvu ya upepo si kubwa kuliko ya kwanza.

Bandarini geuko hilo lilikuwa ndiyo mauti. Chombo kilichotia nanga hujilaza kwa kuelekea upepo utokako, na nahodha huchagua mahali pa nanga kwa kufikiri upepo mmoja. Upepo unapogeuka nyuma, kamba hulegea, kisha hukazwa kwa kishindo. Nanga hung'oka, na chombo humwangukia jirani yake au hutupwa pwani. Majahazi mengi yaliangamia hivyo. Merikebu za Sultani zilizokuwa fahari ya dola, mabaki ya nguvu za bahari alizoziacha Seyyid Said, nazo ziliangamia. Miongoni mwa vyombo vikubwa vilivyookoka ni Abydos, meli ya Kiingereza iliyokuwa imefika mwezi wa Machi ikileta msafara wa kwenda kumtafuta David Livingstone. Kwa mabaharia wa Suri, wa Kachi au wa Lamu, chombo kilichovunjika hakikuwa mbao tu. Ndani yake mlikuwa na shehena ya msimu mzima, ujira wa safari ya kwenda na kurudi, na njia ya pekee ya kufika nyumbani kabla kaskazi nyingine haijavuma.

Mjini, tofauti ya watu ilionekana kwanza katika kuta zao. Nyumba za mawe, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, zilikuwa na kuta nene zenye kuweza kustahimili. Hatari yake ilikuwa juu, kwenye dari zilizobebwa na boriti za mikoko, maana maji yakipenya, udongo na chokaa huwa mzigo unaoweza kuangusha dari nzima. Hata hivyo tajiri mwenye ghorofa alikuwa na mahali pa kukimbilia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ng'ambo ya hori, na pembezoni mwa mji, watu walikaa katika nyumba za fito, udongo na makuti. Nyumba ya namna hiyo haingojei upepo wa pili. Paa huondoka kwanza, mvua huingia, udongo huyeyuka, na zinabaki fito.

Ni kweli kwamba nyumba ya udongo hujengwa upya upesi. Fito hukatwa, udongo haununuliwi, na katika siku zile makuti yalilala chini kila mahali kwa sababu minazi nayo ilikuwa imeanguka kwa wingi. Lakini wingi huo ulikuwa wa mara moja. Makuti ya paa hayadumu miaka mingi. Hubadilishwa, na yanayobadilishwa hutoka katika minazi iliyo hai. Ni rahisi kuona kwamba maskini aliyeezeka bila taabu mwaka 1872 alikuwa na taabu ya kupata makuti alipotaka kuezeka mara ya pili, na kwamba nazi ya kitoweo, mafuta, na kamba ya kumba vilimpungukia kwa miaka yote ambayo mnazi mchanga hukua. Hasara ya namna hii haikuingia katika taarifa ya balozi yeyote, kwa sababu haikupitia forodhani.

Tufani haikukoma kisiwani. Ilivuka mlango wa bahari ikaipiga Bagamoyo, ambako mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wameanzisha misheni mwaka 1868 pamoja na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Majengo yao yaliangushwa, na kazi ya miaka minne ikawa ya kuanzwa upya. Winde nayo, bandari ndogo iliyo kaskazini ya Bagamoyo, ilipatwa. Bara zaidi, mvua kubwa za majira hayo zilifurisha mito. Huko Simbamwenni, mji wa boma uliojengwa na Kisabengo karibu na mahali ulipo mji wa Morogoro leo, mto Ngerengere ulichukua ukuta wa mbele wa mji na kiasi cha nyumba 50.

Habari ya Simbamwenni imehifadhiwa na Henry Morton Stanley, ambaye wakati huo alikuwa akirudi pwani kutoka Ujiji baada ya kuonana na Livingstone. Katika kitabu chake mna jambo dogo linalostahili kuangaliwa na kila mwanafunzi wa historia. Kabla hajafika Bagamoyo tarehe 6 Mei 1872, wasafiri wa njiani walimpa habari ya tufani: kwamba Unguja imepatwa na upepo ulioharibu kila nyumba na kila chombo, na Bagamoyo na Winde vilevile. Stanley aliandika kwamba amekwisha kuzoea tabia ya Waafrika ya kutia chumvi katika maneno yao, kisha akakiri kwamba yaliyoonekana bara yalionyesha kuwa hasara yaweza kuwa kubwa kweli. Naam, si kila nyumba iliyoanguka. Lakini kiini cha habari kilikuwa sahihi: mahali palipotajwa ndipo palipopigwa, na vyombo vilivyosemwa kuvunjika vilivunjika. Katika muda usiotimia majuma matatu, bila simu wala gazeti, watu wa njia ya misafara walikuwa wamepokezana habari ya jambo ambalo hakuna miongoni mwao aliyepata kuliona mfano wake, na walikosea kwa kiasi tu. Ushahidi wa mwenyeji mara nyingi hupimwa kwa mizani ngumu kuliko ushahidi wa mgeni. Katika shauri hili mwenyeji ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli.

Hesabu ya mashamba ndiyo iliyodumu. Katika Unguja sehemu kubwa sana ya mikarafuu ilianguka. Hesabu inayorudiwa zaidi ni theluthi mbili. Kisiwa cha Pemba, kilicho kiasi cha maili 30 kaskazini, hakikupatwa na madhara ya namna hiyo. Umbali mdogo wa njia ya upepo uligeuza mahali pa utajiri wa dola nzima. Kabla ya 1872 Unguja ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Baadaye Pemba ikashika nafasi hiyo, na haikuiachia tena: katika karne ya 20 sehemu kubwa kabisa ya karafuu za visiwa hivi ilitoka Pemba.

Mtu aweza kuuliza kama hasara hiyo kweli ilikuwa msiba wa kibiashara. Wanahistoria wamelijadili jambo hili, na jibu lao si jepesi. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe za Unguja, ameonyesha kwamba karafuu zilikuwa zimezidi sokoni tangu miaka ya 1840, na bei ilikuwa imeshuka mno kuliko ile ya siku za mwanzo. Baada ya tufani bei ilipanda, kwa kuwa karafuu zilikuwa haba. Kwa mwenye mikarafuu Pemba, tufani ya Unguja ilikuwa baraka. Na hata Unguja, mwenye shamba aliyebakiwa na miti michache aliweza kupata kwa kikapu kimoja zaidi ya alichozoea kupata zamani. Kwa hesabu ya dola na ya wafanya biashara, jeraha lilianza kupona upesi.

Lakini hesabu hiyo ni ya soko, na soko halihesabu kila mtu. Mwenye shamba la Unguja aliyekuwa na deni kwa Wahindi waliokopesha fedha kwa rehani ya mashamba alibaki na deni lile lile na shamba lisilozaa. Huyo ni mmoja wa walioumia, na malalamiko yake yalisikika. Nyuma yake walikuwako watu ambao malalamiko yao hayakuandikwa. Shamba lililoangukiwa na miti halijisafishi. Magogo yalipaswa kukatwa na kuondolewa, mashimo kuchimbwa, miche kuoteshwa, kutiliwa maji na kupaliliwa kwa miaka sita au saba bila mavuno. Kazi yote hiyo ilifanywa na watumwa, chini ya msimamizi, nokoa na kadamu, kama ilivyofanywa kazi ya kupanda mara ya kwanza. Miongoni mwao yumkini walikuwamo wazee waliochimba mashimo ya miti ile ile katika ujana wao, nao sasa waliyachimba tena kwa ajili ya miti ambayo huenda wasingeishi kuiona ikizaa.

Kwa desturi ya Unguja mtumwa wa shamba alikuwa na siku mbili katika juma, Alhamisi na Ijumaa, za kulima kipande chake cha muhogo na mboga. Chakula chake kilitoka katika kipande hicho. Muhogo una faida ya kukaa chini ya ardhi, ambako upepo haufiki, na bila shaka uliwaokoa wengi. Lakini kibanda, kuku, migomba na mti wa matunda aliokuwa nao mtumwa vilikuwa juu ya ardhi kama mali ya bwana wake. Tena bwana aliyetaka kufuata faida ya Pemba aliweza kuwahamisha watu wake huko. Kwa bwana hilo lilikuwa ni kubadili shamba. Kwa aliyehamishwa lilikuwa ni kuacha kipande, majirani, na pengine mke au watoto wa bwana mwingine, akaanze maisha upya mahali asipomjua mtu, kwa mara ya pili au ya tatu tangu atoke kwao bara.

Mwaka mmoja haujapita, tufani ikaingia katika siasa. Januari 1873 Sir Bartle Frere alifika Unguja kwa niaba ya serikali ya Uingereza kumtaka Sultani akomeshe biashara ya watumwa. Barghash alikataa, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba nchi imeangamizwa na tufani, na kuwakosa watumwa wakati mashamba yanataka kupandwa upya ni kuimaliza kabisa. Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Ilikuwa na ukweli mchungu ndani yake: iliungama mbele ya watu wote kwamba tiba ya uharibifu ule ilitazamiwa kutoka katika migongo ya watu wengine. Mwisho, chini ya kitisho cha manowari kuzingira kisiwa, Barghash alitia sahihi mkataba tarehe 5 Juni 1873, na shauri lilipitishwa kwake na Dakta John Kirk, mwakilishi wa Uingereza aliyeishuhudia tufani yenyewe. Usafirishaji wa watumwa kwa bahari ulipigwa marufuku na soko la mjini likafungwa. Mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana mahali pale palipokuwa na soko, Mkunazini.

Mkataba ulifunga bahari, nao wafanya biashara wakashika nchi kavu. Misafara ya watumwa ilianza kutembezwa kutoka Kilwa kwenda kaskazini kwa njia ya pwani, safari ya majuma mengi ambayo zamani ilifanywa kwa siku chache baharini. Kisha watu wakavushwa usiku katika vyombo vidogo mpaka Pemba, ambako bei ya karafuu ilifanya mikono itakiwe sana. Frederic Elton, ofisa wa Kiingereza aliyepita njia hiyo mwishoni mwa mwaka 1873, aliikuta misafara hiyo na kuieleza. Sultani aliikataza njia ya bara kwa matangazo mawili mwaka 1876. Lakini utumwa wenyewe uliendelea katika visiwa kwa nguvu ya sheria mpaka mwaka 1897. Hivyo aliyetembezwa kwa mnyororo mwaka 1874 kutoka nyuma ya Kilwa alikuwa anailipia tufani ambayo hakupata kuisikia, katika kisiwa ambacho haikukigusa.

Upande wa dola, mambo yalirekebishika. Barghash aliagiza meli mpya Ulaya. Mojawapo, iliyoitwa Glasgow, ilifika mwaka 1878 na ikakaa bandarini kama alama ya ufalme mpaka ilipozamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Mji ulijengwa, ukaletewa maji ya mfereji, na mwaka 1883 ikasimama Beit al-Ajaib mbele ya bandari ile ile. Mgeni aliyefika miaka kumi baada ya tufani aliona mji mzuri kuliko ule uliobomolewa. Hakuiona tufani, kwa sababu haikuwa tena mjini. Ilikuwa mashambani, katika miche iliyokuwa inafikia umri wa kuzaa, na Pemba, katika vibanda vya watu walioletwa kwa ajili yake.

Miaka 80 baadaye, mwezi wa Aprili 1952, tufani nyingine iliipiga pwani ya kusini ya Tanganyika karibu na Lindi, na watu wakafa. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia. Mara hii satelaiti zilikwisha kukiona siku kadhaa mbele, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari, na vyombo vya Dar es Salaam na Unguja vikazuiliwa kusafiri. Hakuna nahodha wa mwaka 1872 ambaye hangetoa shehena yake yote kwa tahadhari ya siku moja ya namna hiyo. Watu walioambiwa kwamba vimbunga havifiki kwao walijifunza tena walichokuwa wamekijua babu wa babu zao, kwamba hufika, ingawa kwa nadra.

Tahadhari huokoa roho, na hilo ni jambo kubwa. Haigawi hasara. Baada ya kila upepo hubaki swali la nani atakayesafisha shamba, nani atakayengoja mti ukue, na nani atakayekula bei ikipanda. Mwaka 1872 swali hilo halikuulizwa kwa sauti, kwa kuwa jibu lake lilikuwa limekwisha kuwekwa tayari kabla upepo haujaanza kuvuma.